Tulijenga, lakini wewe ulifanya nini?

Mwezi huu kwenye mfuko wa barua zilikuwamo sita za jambo lile lile: kupimwa ujuzi kabla ya kuomba viza ya kazi ya Australia. Kwa anayefungua ukurasa huu mara ya kwanza, mimi ni mhandisi ujenzi, mzaliwa wa Tanga, siku hizi naishi Perth. Njia hii nimeipita kwa miguu yangu, nikakwama, nikajikwamua. Si wakala wa uhamiaji na simwombei mtu viza. Barua ya kwanza nitakaa nayo sana kwa sababu imenigusa pale pale nilipoumia. Nyingine nitazipitia mbio mbio.

*Shikamoo Dada Mhandisi. Nina miaka 31, nina shahada ya uhandisi ujenzi na nimesajiliwa ERB, bodi ya wahandisi. Nimefanya kazi miaka saba kwa mkandarasi wa barabara, na kwenye mkataba cheo changu ni Site Agent. Nimeambiwa shahada yangu haipiti moja kwa moja, lazima niandike ripoti inaitwa CDR. Kuna jamaa ananiuzia iliyokwisha kuandikwa kwa laki nane, anasema imeshapita mara tatu. Niichukue? Na niombe kama mhandisi au kama meneja wa mradi?*
*Mhandisi wa Dodoma*

Marahaba mdogo wangu. Imeshapita mara tatu, na wewe unataka iwe ya nne? Engineers Australia, ambao ndio wanaowapima wahandisi, hupitisha ripoti kwenye programu ya kunasa maandishi yaliyonakiliwa, na hizo tatu wanazo tayari. Utakuwa umelipa laki nane ili ukataliwe. Tena kukataliwa si mwisho wake. Kwenye sheria za viza za Australia kuna sharti namba 4020: ukigundulika umepeleka karatasi ya uongo, viza inakataliwa na kwa miaka mitatu hupewi nyingine. Na sharti hilo halibagui, hata kama karatasi uliipeleka kwa wapimaji wa ujuzi tu na si ubalozini. Huyo jamaa mwombee heri, umwache na mzigo wake.

Kuhusu shahada umeambiwa kweli. Kuna makubaliano yanaitwa Washington Accord, na nchi zilizomo zinatambuliana shahada za uhandisi. Afrika Kusini imo tangu 1999. Tanzania haimo kati ya watia saini. Kwa hiyo mwenye shahada ya nyumbani anajieleza kwa CDR: simulizi tatu za kazi, kila moja maneno 1,000 hadi 2,500, aya zimepewa namba, 1.1, 1.2, kuendelea, kisha jedwali la muhtasari, orodha ya mafunzo uliyojiendeleza nayo isiyozidi ukurasa mmoja, wasifu wako, na cheti cha Kiingereza, ambacho kwa mtihani wa IELTS ni angalau 6 kwenye kila kipengele. Yote kwa Kiingereza, na yote kwa nafsi ya kwanza umoja.

Hapo kwenye nafsi ya kwanza umoja ndipo nilipozama mimi.

Kiswahili chetu cha saiti hakina "mimi". Muulize fundi ukuta huu kajenga nani, atakwambia "tumejenga", hata kama alikuwa peke yake na ndoo yake. Ni adabu. Anayesema "nilijenga" mbele ya watu wazima anaonekana ameanza kuvimba kichwa. Adabu hiyo niliihamishia kwenye Kiingereza nzima nzima. Waliponirudishia, wakitaka nieleze sehemu yangu binafsi katika kazi ile, nilikaa na kalamu nyekundu nikahesabu: kwenye simulizi moja "we" zilikuwa thelathini na tisa, "I" nne. Moja ya hizo nne ilikuwa ya kusema nilihitimu lini.

Nikupe mfano, maana kuambiwa "jieleze wewe" ni rahisi mpaka ukae mbele ya karatasi. Kazi yangu ilikuwa barabara ya changarawe wilayani Handeni, kwenye korongo ambalo kiangazi unalivuka bila kulowa viatu. Mchoro ulitaka mabomba mawili ya zege, kipenyo milimita 900. Mzee mmoja mfugaji akanishika mkono akanipeleka kwenye mbuyu ulio kando, akanionyesha mstari wa tope kwenye shina. Maji yalifika hapa, akasema. Mstari ule ulinifika kifuani.

Simulizi yangu ya kwanza ilisema: tulibaini kuwa mabomba hayatoshi, tukajenga kalvati la boksi. Basi. Kazi ya wiki tatu imemalizwa kwa sentensi moja, na mpimaji hajui kama mimi ndiye niliyepiga hesabu au ndiye niliyekuwa nagawa chai.

Ya pili niliiandika hivi. Nilipima kwa leveli kimo cha ile alama ya tope kutoka sakafu ya korongo. Nilichora mpaka wa bonde linalomwaga maji pale kwenye ramani ya 1:50,000, nikapata eneo lake. Nilikokotoa maji yatakayopita kwa mvua kubwa inayotarajiwa kurudi mara moja kila miaka 25. Nililinganisha na uwezo wa yale mabomba. Hayakubeba hata nusu. Nilichora mapendekezo mawili, nikayapigia gharama, nikamwandikia mhandisi mshauri. Alilikataa la kwanza kwa sababu ya bei. La pili nililipunguza kimo nikaliongeza upana, nikarudisha hesabu, akalikubali. Waliofunga nondo na kumwaga zege ni foromani na vijana wake, na hilo nalo nililiandika, kwa sentensi moja.

Unaona? Sikuongeza chumvi hata punje. Ni yale yale yaliyofanyika, ila kila kitenzi sasa kina mwenyewe. Hata lile la kukataliwa na mhandisi mshauri liache, usilifiche. Mpimaji anataka kuona ulikutana na tatizo ukafikiri.

Jedwali la muhtasari ndilo linalowatesa wengi. Kwa ngazi ya mhandisi mwenye shahada kuna vipengele 16 vya umahiri, na kila kimoja unakielekeza kwenye namba ya aya ambamo umekionyesha. Ushauri wangu: lichore jedwali hilo kwanza, likiwa tupu, kabla hujaandika simulizi. Ukiona kipengele cha usalama kazini au cha maadili hakina aya, unajua mapema pa kurudi. Mimi niliandika simulizi kwanza, nikaja kugundua vipengele vitatu havina pa kukaa, nikaanza kubandika viraka.

Simulizi zote tatu si lazima ziwe za kazini. Mradi wako wa mwaka wa mwisho chuoni unaruhusiwa, ikiwa una hesabu na maamuzi yako ndani yake.

Sasa barua ya mwajiri. Hiyo ndiyo itakayokupa miaka yako saba, maana unaweza kuwaomba Engineers Australia wapime na uzoefu wako pia, kwa ada ya ziada. Barua yangu ya kwanza, kutoka kwa mwajiri wa zamani ambaye nitamstiri, ilikuwa na mistari mitatu: alikuwa mfanyakazi wetu, alikuwa mwadilifu na mwaminifu, tunamtakia kila la heri. Uadilifu wangu haukuwa na kipengele. Kinachotakiwa ni karatasi yenye nembo ya ofisi, tarehe uliyoanza na uliyomaliza, cheo, kwamba ulikuwa wa kudumu wa saa zote, majukumu yako moja moja, sahihi, jina na cheo cha aliyesaini, na simu na baruapepe yake.

Niliporudi kwa bosi wangu akaniambia lile neno ambalo nawe utaambiwa: "Andika mwenyewe, nitasaini." Hapo tuelewane. Kumpelekea rasimu ya majukumu yako si dhambi, yeye ana mambo mengi na mengine kayasahau. Lakini mkalishe aisome, mstari kwa mstari. Bosi wangu alifuta mawili, akasema hayo nilikuwa namsaidia mwenzangu tu, na alikuwa sahihi. Siku wakimwuliza, awe anakijua alichosaini. Na mkumbushe kuangalia baruapepe, kwa sababu saa tatu asubuhi ya Sydney ni saa nane usiku ya Dar, na hakuna mkubwa wa ofisi anayepokea namba ngeni saa hizo.

Barua peke yake haitoshi. Wanataka na ushahidi wa mtu wa tatu, asiye wewe wala bosi wako: taarifa ya michango yako ya NSSF, au karatasi za kodi ya mshahara. Nenda NSSF mapema. Wapo wanaogundua pale dirishani kwamba mwajiri aliwakata kila mwezi, michango haikufika.

Mwisho, cheo chako. Wao hawapimi cheo, wanapima kazi. Kila kazi ina msimbo kwenye orodha yao ya ANZSCO. Mhandisi ujenzi ni 233211, na anapimwa na Engineers Australia. Meneja wa mradi wa ujenzi ni 133111, na huyo anapimwa na chombo kingine kabisa, VETASSESS. Site Agent anaweza kuangukia huku au kule kutegemea siku yake imepitaje. Kaa chini uandike wiki yako moja ya kawaida. Kama unakagua michoro, unapiga hesabu na kuamua mambo ya kiufundi, wewe ni mhandisi. Kama siku nzima ni mikataba, malipo ya wakandarasi wadogo, kuagiza mafuta ya greda na kusuluhisha ugomvi wa vibarua, soma maelezo ya msimbo wa pili kwanza. Ukiomba kwenye mlango usio wako wanakula ada na hairudi.

*Bi Mhandisi, salamu kutoka Mombasa. Mimi ni fundi wa stima, nina cheti cha ufundi cha NITA, Grade One, na miaka kumi na miwili kazini. Mitano ya kwanza nilikuwa na kampuni, hii saba najitegemea. Wateja hunilipa kwa M-Pesa au pesa mkononi. Slipu za mshahara sina. Nina njia kweli?*
*Fundi wa Kisauni*

Njia unayo, ila ina mawe. Wewe mpimaji wako ni TRA. Wasomaji wa Bara wasikimbie, hii si ile ya kodi ya Dar es Salaam. Ni Trades Recognition Australia, na fundi wa umeme wa kawaida msimbo wake ni 341111.

Tuanze na miaka, maana ndilo swali lako hasa. Wao huhesabu kazi ya kulipwa, na kwamba ulilipwa uwe unaweza kulionyesha. Mitano ya kampuni, tafuta barua kama nilivyomweleza wa Dodoma hapo juu, pamoja na fomu zako za kodi za KRA na michango ya NSSF. Hii saba ya kujitegemea, kusanya leseni ya biashara ya kaunti, marejesho yako ya kodi, ankara ulizowaandikia wateja, risiti za vifaa ulivyonunua kwa jina lako, barua za wateja wakubwa kama yule mwenye nyumba za kupanga au ile shule uliyoifunga nyaya. Taarifa ya M-Pesa unaweza kuiomba ikaja kama faili, na ikioanishwa na ankara, tarehe kwa tarehe, kiasi kwa kiasi, inasema jambo. Ikiwa peke yake inasema tu kwamba watu walikutumia pesa. Kama hujawahi kufanya marejesho ya kodi hata mwaka mmoja, hapo sina dawa ya kukupa. Anza sasa na uhesabu kuanzia sasa.

Kwenye kazi za leseni kama yako, karatasi zikikubalika unakuja kwenye mahojiano ya kiufundi, na inaweza kufuata kazi ya vitendo. Nina jirani hapa Perth, fundi kutoka nyumbani, nilikaa naye jikoni akijiandaa. Nilimwuliza swali la kwanza kabisa: utajuaje kuwa waya hauna umeme kabla hujaushika? Akatoa mfukoni bisibisi ya testa. Nilicheka mpaka chai ikapoa. Kwa hapa jibu hilo linakumaliza. Jibu wanalolitaka ni mlolongo: unazima, unafunga swichi kwa kufuli na kuweka lebo yenye jina lako, unajaribu kipimo chako kwenye chanzo unachojua kina umeme, unapima waya, kisha unarudi kukijaribu kipimo tena kuhakikisha hakikufa katikati. Fundi wetu anayafanya mengi ya hayo, tatizo hajawahi kutakiwa kuyasema. Fanya mazoezi ya kuyasema, kwa Kiingereza, mkono ukiwa juu ya bodi halisi ya umeme. Itafute pia kanuni yao ya nyaya, AS/NZS 3000, uone namna wanavyounganisha njia ya ardhi na nyutro.

Ukifuzu unapewa rekodi ya ujuzi wa kiufundi, si leseni. Ukifika unaomba leseni ya muda kwenye jimbo lako, unafanya kazi chini ya fundi mwenye leseni huku ukimaliza mafunzo ya kuziba pengo, ndipo unapata kamili. Kama una leseni ya EPRA, ile ya mamlaka ya nishati ya kwenu, ilete, inasaidia kuonyesha ulikotoka, lakini usitegemee kuifungia nyaya nyumba ya mtu hapa wiki ya kwanza.

*Asalaam alaykum dada yangu. Mimi ni muuguzi, diploma niliipata Zanzibar, nipo Muscat mwaka wa nane sasa hospitalini. Dalali mmoja ananambia nikipimwa na ANMAC nimemaliza kazi. Ni kweli?*
*Bint wa Ng'ambo, Muscat*

Waalaykum salaam. Milango ni miwili na kila mmoja una ufunguo wake. ANMAC wanapima kwa ajili ya viza. AHPRA ndio wanaokusajili uruhusiwe kumgusa mgonjwa. Anza na huu wa pili, kwa sababu ndio mgumu: wengi wa waliosomea kwetu hupita kwenye mtihani wa NCLEX-RN, ambao unaweza kuufanya ukiwa nje, kisha mtihani wa vitendo wa OSCE, ambao unafanyikia Adelaide na nauli ni yako.

Lakini kabla hata ya hapo kuna neno zito ambalo dalali hakukwambia. Muuguzi aliyesajiliwa wa Australia ni wa shahada. Mwenye diploma kwao ana jina lingine na daftari lingine, *enrolled nurse*. Miaka yako minane ni mali, ila haigeuzi diploma kuwa shahada. Ukipata nafasi ya kuiendeleza hapo ulipo, ifanye kwanza. Na ukiwa bado Muscat, uliza utaratibu wa cheti cha hali ya usajili kutoka kwa kila mamlaka iliyowahi kukusajili, Zanzibar na Oman zote mbili. Ukishaondoka kufuatilia karatasi ya Ghuba kwa simu ni shughuli pevu.

*Dada, mwombaji ni mume wangu, mhandisi wa mitambo. Mimi ni mwalimu wa sekondari. Kuna haja ya mimi nami kupimwa, au ni kupoteza hela?*
*Mwalimu, Mwanza*

Viza hii hutolewa kwa pointi, za umri, elimu, kazi na Kiingereza, na mke naye anaweza kumwongezea mumewe. Piga hesabu ya pointi za mume kwanza. Ukiwa na Kiingereza cha kiwango cha kawaida tu, IELTS 6 kila kipengele, unampa 5. Ukiwa na hicho, pamoja na umri chini ya miaka 45 na ujuzi uliopimwa ukapita kwenye kazi iliyomo kwenye orodha ile ile anayoombea yeye, unampa 10. Kwa hiyo unachonunua kwa kupimwa ni pointi 5. Walimu wanapimwa na AITSL, na hao wanadai Kiingereza cha juu kuliko viza yenyewe, pamoja na ushahidi wa angalau siku 45 za mafunzo ya kufundisha chini ya usimamizi. Chuo chako kikiweza kuzithibitisha siku hizo kwa maandishi, na kama unapanga kufundisha huku, lipa. Kama mume tayari ana pointi za kutosha, ile hela itawanunulia majaketi. Julai ya huku si ya Mwanza.

*Habari dada. Mimi ni mwandaaji wa programu za kompyuta, miaka 34, sijaoa. ACS, wale wapimaji wa watu wa kompyuta, wamenipima na nimepita! Ila barua yao inasema kazi yangu inahesabiwa baada ya miaka miwili kukatwa. Nilikuwa na sita, sasa nina minne. Wamenionea? Na viza inakuja lini?*
*Kijana wa Nairobi*

Hongera, na pole. Hawajakuonea, ndio utaratibu wao: hata mwenye shahada ya kompyuta inayoendana na kazi yake hukatwa miaka miwili, wakisema hiyo ndiyo iliyokufanya uwe mtaalamu, na miaka inayohesabiwa ni inayofuata. Miaka sita ingekupa pointi 10. Minne inakupa 5. Ukiandika sita kwenye maombi yako wakati barua yao inasema minne, unajitafutia balaa. Mwaliko wa kuomba viza utakuja kwa pointi ambazo huna, na viza itakataliwa kwa hilo.

Kupita kwa ACS si viza. Ni ruhusa ya kuingia foleni. Unajiandikisha kwenye mfumo wao wa SkillSelect, na jina lako linakaa humo miaka miwili. Hesabu yako kwa pointi: umri 25, shahada 15, kazi 5, kutokuwa na mke 10, na kama Kiingereza chako ni 7 kila kipengele, 10. Jumla 65, ambayo ndiyo sakafu. Kwenye sakafu mmejaa. Njia fupi ya kupanda ni Kiingereza: ukifikisha 8 kila kipengele unaongeza 10 juu. Nyingine watu wetu hawaijui: kuna mtihani wa lugha wa NAATI, unatafsiri kwa mdomo mazungumzo mawili, na Kiswahili kimo. Ukipata 63 kati ya 90, na angalau 29 kwenye kila mazungumzo, unapewa pointi 5 kwa lugha ya nyumbani kwenu. Wewe wa Nairobi usidharau, Sheng haimo humo.

Kuna na viza namba 491, ambayo ukipendekezwa na jimbo unaongezewa 15, kwa sharti la kuishi mikoani. Usiogope neno mikoani. Perth, yenye watu zaidi ya milioni mbili, kwa hesabu yao ni mikoani.

Mwaliko ukija una siku 60 za kuwasilisha kila kitu, na barua ya ACS lazima iwe na tarehe ya kabla ya mwaliko na iwe bado hai. Angalia tarehe yake leo, uiandike ukutani. Ukimtafuta wakala wa kukusaidia, waliosajiliwa Australia wana namba ya tarakimu saba na daftari lao liko wazi mtandaoni. Mtafute humo kwa jina kabla hujamtumia hata senti.

*Dada, cheti changu cha kuzaliwa kimeandikwa Mwanakhamis, shahada Mwanahamisi, na pasi ina jina la babu ambalo kwenye shahada halipo. Watanielewa?*
*Msomaji, Unguja*

Mimi nimekuelewa kwa sababu nina shangazi wa majina hayo hayo mawili. Mpimaji hana shangazi huyo. Kwake ni watu wawili, labda watatu. Kapate kiapo kwa wakili kinachotaja majina yote kama yalivyoandikwa, herufi kwa herufi, na kinachosema kila moja lipo kwenye karatasi gani. Ukitaka kulibadilisha kabisa, fanya hati ya kubadili jina na uisajili, kisha barua zote za waajiri ziandikwe kwa jina la pasi. Kiapo hicho kifanye kabla ya kulipa ada, kisiwe cha kutafutwa wakati umeshaulizwa. Na unapopiga skani, tumia karatasi halisi na kwa rangi. Ile kopi nyeusi iliyogongwa mihuri minne ya mwanasheria, tunayoiamini sana nyumbani, Engineers Australia hawaihitaji.